Jina Litakuja la Mtu Mwingine

Ujumbe wenyewe ni mfupi. Unaomba ile hela itumwe kwenye namba nyingine kwa kuwa simu ya mwenyewe ina matatizo, kisha unamalizia kwa maneno ambayo wengi huyapita bila kuyatazama: jina litakuja la fulani. Watanzania wengi wenye simu wameshaupata, wakaufuta na kuendelea na shughuli zao. Mwandishi wa makala haya alikuwa mmoja wao, mpaka siku aliposimama kwenye foleni ya kibanda cha wakala huko Mbagala, Dar es Salaam, nyuma ya mzee aliyekuwa amepitisha simu yake dirishani akiomba asaidiwe kutuma. Ujumbe ulikuwa wazi kwenye kioo. Swali likabaki pale pale na halikutoka: kwa nini tapeli ajisumbue kutaja jina?

Jibu alilitoa mwanamke aliyekuwa ndani ya kibanda, ambaye hapa hatutamtaja. Wateja wake wengi ni watu wazima wa mtaani. Anasema jina ndilo komeo pekee lililobaki mlangoni. Mtu anaweza kuingiza namba isiyo sahihi, anaweza kuandika kiasi kisicho sahihi, lakini kabla hajaweka namba ya siri simu humwonyesha jina la anayepokea. Hapo ndipo mtu hushtuka. Huko Kenya, kampuni ya simu ya Safaricom ilipoleta huduma ya Hakikisha mwaka 2015, shabaha ilikuwa hiyo hiyo: mtumaji aone jina kwanza, ndipo aamue.

Tapeli amelijua hilo, akawahi. Kwa kuwa amekwisha kumwambia mzee jina litakalotokea, jina linapotokea lile lile alilotajiwa, kitu kilichowekwa ili kumshtua ndicho kinachomtuliza. Anajiambia kwamba kumbe ni kweli, amesema litakuja hivi na limekuja hivi. Wakala anasema amewahi kuwaona wateja wakivuta pumzi ya nafuu pale jina la mtu wasiyemjua linapotokea.

Na kwa mzee, jina geni si jambo la ajabu hata kidogo. Kwa miaka mingi hela za familia zimepita mikononi mwa watu wengine. Kijana wa mjini anatuma kwa simu ya jirani kwa sababu ya mama imezima. Binti anatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mumewe. Mjukuu amepoteza kitambulisho, laini yake ina jina la rafiki. Mzee amepokea na kutuma kwa majina ya watu asiowafahamu mara nyingi, na hela zikafika salama. Uongo wa tapeli umeegemea kwenye ukweli huo wa maisha yake ya kila siku, ndiyo maana wakala huyu hapendi kabisa kusikia wazee wakiitwa wajinga.

Kuna sura nyingine za mchezo huo. Anayejiita mwalimu anapiga akisema mjukuu amezidiwa shuleni na daktari anasubiri malipo. Anayejiita mtumishi wa mfuko wa hifadhi ya jamii anamwambia mstaafu kwamba mafao yake yamekwama, yanahitaji kusukumwa kidogo. PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, imewaonya wastaafu mara kadhaa kuhusu watu wa aina hiyo. Ugumu uko hapa: mstaafu kweli anatakiwa kuhakiki taarifa zake, na siku hizi anaweza kuhakiki kwa simu. Ombi la kweli na ombi la wizi yanafika kwenye kifaa kimoja, kwa lugha inayofanana, na anayetakiwa kuyatofautisha ni mtu mwenye mtoto wa jicho anayesoma maandishi madogo juani.

Kwa hiyo wakala amejitengenezea utaratibu wake, ambao hakufundishwa na mtu. Mteja mzee akija na namba iliyotoka kwenye ujumbe, haanzi na namba, anaanza na maongezi. Anamuuliza hela ni za nani na za nini. Anamuuliza kama aliisikia sauti ya huyo mtoto au alisoma tu. Anasema mtu anayetuma hela za kweli hueleza kwa urefu, hutaja ada, mbolea, msiba, hutaja na mtu wa tatu. Anayeharakishwa na tapeli hujibu kwa mkato na kutazama simu, kwa sababu mara nyingi tapeli bado yupo hewani na amemwagiza asikate na asimwambie mtu.

Kisha huomba jambo moja ambalo analiona kubwa kuliko yote: wapige namba ya zamani. Hamruhusu mteja kumpigia aliyetuma ujumbe. Wanaitafuta namba ya mtoto iliyokuwa ikitumika kabla ya siku hiyo, na kwa wazee wengi namba hiyo haimo hata kwenye simu. Imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha boksi kilichokunjwa pamoja na kitambulisho, au nyuma ya kadi ya kliniki, au ukutani nyumbani. Amekwisha kuwashauri wateja wake watembee na karatasi hiyo. Mtoto akipokea na kusema hajaomba kitu, mambo yameisha. Asipopokea, wakala humwomba mzee akae kwenye benchi asubiri. Muda ndio anaoutafuta, kwani tapeli hawezi kuvumilia nusu saa.

La tatu ni namba ya siri. Wazee wengi huitamka kwa sauti dirishani, na nyingi ni mwaka wa kuzaliwa. Yeye huwarudishia simu wabonyeze wenyewe, ingawa vidole vingine vimekakamaa na foleni inanung'unika.

Kuna swali ambalo jibu lake linauma zaidi. Huyo fulani ambaye jina lake linatokea, ni nani? Usajili wa laini kwa alama za vidole ulitakiwa kuondoa giza hilo. Kuanzia Januari 20, 2020, laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa. Lakini alama ya kidole inaweza kuibwa mbele ya mwenyewe. Msajili asiye mwaminifu humwambia mteja kwamba kidole hakijasoma, aweke tena, na mara ya pili inasajiliwa laini nyingine ambayo mteja hataiona. Vidole vya wazee, vilivyosuguliwa na jembe na sabuni, kweli husumbua mashine, kwa hiyo kauli hiyo haiwapi shaka. Ndiyo kusema jina analoliona mzee wa Mbagala kwenye kioo chake linaweza kuwa la mzee mwenzake wa mkoa mwingine, asiyejua kwamba jina lake linatumika kutapeli watu. Mtu akipiga *106# anaweza kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Wakala huwapigia namba hiyo wateja wake wazee wakiwa wamesimama pale pale, na laini ya kigeni ikionekana huwaelekeza kwenye duka la mtandao husika wakaifute.

Serikali haijakaa kimya. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, inapokea namba za matapeli kupitia 15040, imeendesha kampeni ya Sitapeliki, na kila mara inakumbusha kwamba huduma kwa wateja ya mtandao hupiga kwa namba 100 peke yake. Ripoti zake za robo mwaka zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa inaongoza kwa majaribio ya ulaghai. Kazi hiyo ni ya thamani. Ila matangazo mengi yanamkuta anayejua kusoma haraka na kubonyeza haraka, wakati mzee anayafahamu mambo ya simu kupitia mdomo wa mtu anayemwamini.

Wala si suala la nchi maskini peke yake. Marekani, watu wenye umri wa zaidi ya miaka 60 waliripoti kwa FBI kupoteza zaidi ya dola bilioni 3.4 mwaka 2023 kwa ulaghai wa mtandaoni na wa simu. Uingereza imepiga hatua ambayo huku haijazungumzwa vya kutosha: tangu Oktoba 2024, mtu aliyedanganywa akatuma fedha mwenyewe kwa njia ya benki hulipwa hadi pauni 85,000, na mzigo hugawanywa nusu kwa nusu kati ya taasisi iliyotuma na iliyopokea. Mteja ambaye hali yake imempunguzia uwezo wa kujikinga hanyimwi kwa hoja kwamba alizembea. Taasisi inayojua italipa ina sababu ya kuitazama laini inayopokea hela za watu wasiojuana mchana kutwa.

Hapa kwetu, aliyeweka namba ya siri mwenyewe mara nyingi huambiwa kwamba alituma kwa hiari. Tapeli akishatoa hela, urejeshaji unakuwa hadithi. Wazee wengi hawafiki hata polisi. Wakala anasema wanachokiogopa zaidi ya hasara ni watoto wao kujua, kwa sababu mtoto akijua ataichukua simu, na bila simu mzee anaomba hata hela yake ya chumvi. Basi wananyamaza, na kimya hicho kinampa tapeli wiki nyingine ya kazi.

Naye wakala ana lake. Kamisheni yake inatokana na muamala uliofanyika. Uliozuiwa haumwingizii kitu. Amewahi kutukanwa na mteja aliyeona anaingilia mambo ya familia yake. Hajui kama kanuni zinamruhusu kukataa kutuma hela ya mtu mzima mwenye akili timamu, au zitamlinda akikosea na kumbe mjukuu kweli alikuwa hospitali. Yule mzee wa siku ile alikubali kukaa kwenye benchi, mwanawe akapokea simu, hela ikabaki. Mwingine aliyekuja kabla yake hakukubali. Alichukua simu yake, akavuka barabara, na kijana wa kibanda cha upande wa pili akamtumia bila swali. Alikuwa na haki ya kumhudumia, na hakuna mahali alipoelezwa kwamba angepaswa kuuliza.