MaikroRNA katika Mkojo na Saratani ya Kibofu: Swali Linaloanzia Fumba

Fumba ni rasi iliyo kusini-magharibi mwa kisiwa cha Unguja, katika Wilaya ya Magharibi B, inayoitazama Ghuba ya Menai. Ardhi yake ni ya mawe ya matumbawe, na wenyeji wake wameishi kwa uvuvi na ukulima tangu enzi za mababu. Kichocho hakina makao huko. Mdudu wake, Schistosoma haematobium, hukulia ndani ya konokono wa maji matamu aitwaye Bulinus globosus, na konokono huyo hupatikana zaidi katika mito, mabwawa na mabonde ya mpunga ya kaskazini na katikati ya Unguja. Upande wa kusini yupo nduguye, Bulinus nasutus, ambaye mdudu huyo wa Unguja hawezi kukua ndani yake. Bahari nayo, kwa chumvi yake, haiambukizi kichocho hata kidogo. Mvuvi anayeshinda majini mchana kutwa hana la kuhofia kwa upande huo.

Hata hivyo, Fumba ya leo si ya wenyeji peke yao. Nyumba mpya zimejengwa kwa mamia, na watu wanahamia kutoka kila pembe ya visiwa na bara. Na achukuliwe mfano wa mzee wa miaka sitini na kitu aliyeletwa na mwanawe kuishi naye Fumba. Asubuhi moja anaona mkojo wake ni mwekundu. Hana maumivu. Anapewa dawa ya maambukizi ya njia ya mkojo, na baada ya siku chache damu inakatika, naye anashukuru Mungu na kuyasahau. Miezi minne baadaye damu inarudi. Safari hii muuguzi anamuuliza: “Mzee wangu, utotoni ulikuwa ukiogea wapi?” Naye anajibu kwa tabasamu: “Mtoni, Kinyasini. Sisi watoto sote tulikuwa tukikojoa damu.”

Jibu hilo lina uzito kuliko vipimo vingi. Damu ya saratani ya kibofu ina tabia ya kuja na kuondoka, mara nyingi bila maumivu, na ndiyo maana dawa yoyote iliyotolewa wakati huo husifiwa kwa kazi isiyoifanya.

Uhusiano wa kichocho na saratani ya kibofu si jambo jipya. Theodor Bilharz alimgundua mdudu huyu Cairo mwaka 1851. Mwaka 1911 daktari Ferguson, akifanya kazi katika mji huo huo, aliandika juu ya wagonjwa wenye kichocho na uvimbe wa kibofu kwa pamoja. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka ugonjwa huu katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Mayai ya mdudu hunasa katika ukuta wa kibofu, mwili hupambana nayo kwa miaka mingi, na seli za utando wa ndani hulazimika kufa na kuzaliwa upya bila kikomo. Katika kuzaliwa huko ndimo makosa ya kijenetiki yanamojipenyeza. Dawa ya prazikwanteli huwaua wadudu, lakini haiyafuti makovu ya miaka thelathini.

Zanzibar imefanya kazi kubwa katika jambo hili. Kati ya mwaka 2011 na 2017 ulitekelezwa Unguja na Pemba mpango wa kukomesha uambukizaji wa kichocho, kwa kugawa dawa mara mbili kwa mwaka, kuua konokono na kuelimisha jamii. Watoto wa leo wameambukizwa kwa kiwango kidogo sana ukilinganisha na babu zao. Lakini saratani hii ni deni linalochelewa kudaiwa, na wanaodaiwa sasa ni wale waliooga mitoni miaka ya 1960 na 1970.

Kipimo kinachotegemewa hadi leo ni sistoskopi: mrija mwembamba wenye kamera hupitishwa katika njia ya mkojo, daktari akakitazama kibofu kwa ndani na kukata kipande cha nyama kwa ajili ya maabara. Ni kipimo cha uhakika, ila kinahitaji mtaalamu na chombo cha ghali, na wagonjwa wengi, hasa wanaume, hukikwepa kwa haya. Kutafuta seli za saratani katika mkojo kwa darubini ni rahisi zaidi, lakini uvimbe ulio katika hatua za mwanzo mara nyingi huponyoka. Hapo ndipo maikroRNA zinapoingia.

MaikroRNA ni vipande vifupi vya RNA, vyenye takriban herufi 22 tu za kijenetiki. Haviagizi utengenezaji wa protini yoyote. Kazi yake ni kunyamazisha. Kipande kimoja hushikamana na RNA inayobeba maagizo ya jeni na kuyazuia yasitekelezwe, na kinaweza kufanya hivyo kwa jeni nyingi kwa wakati mmoja. Victor Ambros na Gary Ruvkun walivigundua kwa kuchunguza mnyoo mdogo wa udongoni, wakachapisha matokeo yao mwaka 1993, na wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2024. Seli inapogeuka kuwa ya saratani, baadhi ya vinyamazishi hivi huzidi na vingine hupungua. Katika saratani ya kibofu, miR-21 mara nyingi huonekana imezidi, ilhali miR-143 na miR-145 hupungua. Kwa kuwa kibofu humwaga kila kitu chake katika mkojo, na kwa kuwa maikroRNA hazivunjiki upesi kama RNA ndefu, kikombe kimoja cha mkojo kinaweza kubeba habari za uvimbe usioonekana. Mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba miR-126 na miR-182 katika mkojo zinahusiana na saratani ya kibofu. Tangu hapo tafiti za namna hiyo zimefuatana kwa wingi.

Lakini tafiti hizo zimefanywa kwa mkojo wa nani? Nyingi zimefanywa Ulaya, China na Marekani, ambako kisababishi kikuu ni sigara na uvimbe ulio mwingi ni wa seli za utando wa njia ya mkojo. Saratani inayofuata kichocho mara nyingi ni ya aina nyingine, ile ya seli bapa. Katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, mapitio ya wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu yaliyochapishwa mwaka 2013 yalikuta zaidi ya nusu yao wana aina hiyo ya seli bapa, na karibu nusu wana mayai ya kichocho. Orodha ya maikroRNA iliyotayarishwa kwa wavuta sigara haiwezi kuhamishiwa kwa wagonjwa hao vivi hivi. Misri wameliona hili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ain Shams waliochunguza miR-96 katika mkojo wamewaangalia pia wenye kichocho wasio na saratani. Huo ndio ulinganisho unaofaa, kwa sababu miR-21, kwa mfano, huzidi hata katika uvimbe wa kawaida unaotokana na maambukizi. Kipimo kisichoweza kumtofautisha mwenye kichocho na mwenye saratani hakina kazi Kinyasini.

Kuna kikwazo kingine ambacho hakitajwi sana. Seli nyekundu za damu zimejaa maikroRNA zake zenyewe, hasa miR-451 na miR-16. Mgonjwa anayehitaji kipimo ndiye huyo huyo anayekojoa damu, na damu yake hubadilisha matokeo kabla ya uvimbe kupata nafasi ya kusema lolote. Baadhi ya maabara zimeitumia miR-16 kama kipimio thabiti cha kulinganishia nyingine. Kwa mkojo wenye damu, hilo ni sawa na kupima kitambaa kwa utepe unaovutika.

Hesabu nayo ina neno lake. Ikiwa kipimo kinawagundua wagonjwa 80 katika kila 100, na kinawaachia salama watu wazima wa afya 80 katika kila 100, kinasikika kuwa kizuri. Wakipimwa watu 1,000 ambao watano kati yao wana saratani, kitawapata wanne. Pamoja nao kitawatia hofu watu 199 wasio na ugonjwa, na wote hao watahitaji sistoskopi. Kwa hiyo maikroRNA, zitakapokuwa tayari, huenda zikafaa kwanza kwa wale ambao tayari wana sababu ya kushukiwa, au kwa kufuatilia wagonjwa waliokwisha tibiwa ambao saratani yao hupenda kurudi. Si kipimo cha kupangia foleni shehia nzima.

Kwa sasa, mtu mzima wa zaidi ya miaka 40 aliyeona damu katika mkojo hata mara moja, na ambaye hakukutwa na sababu nyingine ya wazi, apelekwe kuchunguzwa kibofu, hata kama damu imekatika. Kama kuna maambukizi, yatibiwe, kisha mkojo upimwe tena. Damu ikiwa bado ipo, asipewe mzunguko wa tatu wa dawa zile zile. Na kwenye karatasi ya rufaa, chini ya jina na umri, muuguzi wa Fumba aongeze mstari mmoja: mahali mgonjwa alikokulia, maji aliyokuwa akiogea, na kama aliwahi kukojoa damu utotoni. Daktari atakayeipokea karatasi hiyo Mnazi Mmoja hawezi kuyajua hayo kwa kutazama anwani ya nyumba mpya.