Aliyeunda roboti si lazima ashike usukani

Dakika mbili na nusu. Huo ndio muda wote wa pambano moja katika FIRST Global, mashindano ya roboti ambako kila nchi hupeleka timu moja ya vijana. Yalianza Washington mwaka 2017. Mwaka 2019 yalifanyika Dubai, mji ambao wasomaji wetu wengi wanaujua kwa makontena, na nchi zaidi ya 180 zilishiriki, za Afrika Mashariki zikiwamo.

Miezi ya kufunga vyuma, nyaya na programu huamuliwa ndani ya dakika hizo, na mikono inayoamua ni ya dereva. Ndiyo maana swali la nani ashike usukani huzua mvutano. Jibu la haraka huwa ni yule aliyeiunda roboti. Ameitolea jasho, nani amnyime? Lakini mwenye lori anajua kwamba fundi hodari wa injini si lazima awe ndiye wa kukabidhiwa mzigo wa kutoka Mombasa kwenda Kampala. Tena fundi akiendesha na kuchoka, nani atakaza nati zilizolegea kabla ya pambano linalofuata?

Kipimo cha haki ni saa. Mwageni mipira uwanjani, kila anayetaka kuendesha apewe zamu kumi, na muda wa kila zamu uandikwe. Zamu yake bora isiwadanganye. Tazameni ile mbaya kuliko zote, maana ndiyo itakayowagharimu siku yenyewe. Kisha aendeshe roboti ikiwa inamjia. Hapo kulia kwake ni kushoto kwa roboti, na waliokuwa wakijisifu huanza kugonga ukuta.

Halafu lipo sikio. Dereva hayuko peke yake: mara nyingi mmoja huendesha magurudumu, mwenzake huongoza mkono wa roboti, na nyuma yao husimama kiongozi anayetazama saa na uwanja mzima. Kule Dubai timu za nchi tatu ziliunganishwa dhidi ya tatu nyingine, kuzoa mipira iliyowakilisha taka za baharini. Dereva asiyesikia hugombania mpira mmoja na mshirika wake mwenyewe. Kwa vijana wetu, kupangwa upande mmoja na jirani ni bahati: maagizo hutolewa kwa Kiswahili na wapinzani hawaambulii neno.

Jambo moja lisifichwe. Ni rahisi mno usukani kuishia kwa mvulana kwa sababu tu amezoea gemu za simu, na msichana akaachiwa bango na hotuba, au kiti kikaenda kwa mtoto wa mfadhili. Karatasi ya muda iliyobandikwa ukutani humwondolea mwalimu kazi ya kumweleza mzazi kwa nini mwanawe hakuchaguliwa. Na ibandikwe mapema, kwa sababu dereva anahitaji wiki kadhaa za mazoezi na roboti iliyokamilika, si usiku mmoja kabla ya kupanda ndege.