Kazi Isiyojua Jua Kuchwa

Mara nyingi huaminiwa kwamba mtu anayejichosha kwa kazi husukumwa na tamaa ya fedha au na bidii aliyozaliwa nayo. Maisha ya kazi katika pwani ya Kilifi na Malindi, ya zamani na ya sasa, yanaelekeza kwingine: urefu wa siku ya kazi hutegemea zaidi jinsi malipo yanavyopangwa, na hasa kama mfanyakazi huianza siku akiwa tayari anadaiwa.

Kazi ya kutwa na kazi ya kupita kiasi si kitu kimoja. Mgema wa Rabai au Kaloleni hupanda mnazi alfajiri na kotama yake, akapanda tena adhuhuri na mara ya tatu jioni, kwa sababu kila safari hana budi kuipunguza ncha ya kole, yaani kitawi cha maua kilicho bado ndani ya karara, ili tembo liendelee kudondoka kibuyuni. Akiacha kukata kwa siku kadhaa, kidonda cha kole hukauka na tembo hukatika. Siku yake basi ni ndefu na haina Jumapili, ila kati ya mpando mmoja na mwingine mna saa za kulima, kulala au kupiga soga, na hakuna azihesabuye. Mvuvi naye hutoka kwa wingi bahari inapotulia wakati wa kaskazi, na upepo wa kusi unapoichafua hukaa ufukoni akishona nyavu.

Utaratibu mwingine uliletwa kwa nguvu. Mwanzoni mwa karne ya 20 maofisa wa serikali ya kikoloni walilalamika kwamba Wagiriama ni wavivu, ilhali watu hao walikuwa wakulima waliouza mahindi na nafaka nyingine hadi bandari za Malindi na Takaungu, na mwenye mahindi ya kutosha kwenye uchaga hana sababu ya kwenda kung'oa magugu katika shamba la mlowezi. Arthur Champion, ofisa aliyepelekwa kwao mwaka 1912, alitakiwa kukusanya kodi ya nyumba na kutoa vijana wa kufanya kazi nje ya nchi yao. Mekatilili wa Menza, kiongozi wa Kigiriama, aliwahimiza watu wakatae, akakamatwa mwaka 1913 na kuhamishiwa Kisii, na vita vya Wagiriama dhidi ya serikali hiyo vilipokwisha mwaka 1914 walitozwa faini ya rupia 100,000 pamoja na kutakiwa kutoa vibarua 1,000. Uvivu uliolalamikiwa ulikuwa, kwa hakika, uwezo wa kukataa, na kodi iliyodaiwa kwa fedha taslimu ilikusudiwa kuuvunja uwezo huo.

Deni la leo halidaiwi na serikali pekee. Dereva wa bodaboda au tuktuk mjini Malindi ambaye chombo si chake huanza asubuhi akiwa na kiasi anachopaswa kumpelekea mwenye chombo jioni, apate abiria asipate, na juu yake kuna petroli. Kwa hiyo saa za mwanzo si zake. Cha kupeleka nyumbani huanza kupatikana baada ya hapo, na mwezi wa Mei, mvua za masika zinaponyesha na hoteli nyingi zikiwa zimefungwa, hulazimika kukaa steji hadi usiku ili afikie kiasi kilekile ambacho Desemba hukipata kabla ya adhuhuri. Watafiti Pascaline Dupas, Jonathan Robinson na Santiago Saavedra, waliochunguza waendesha baiskeli za abiria magharibi mwa Kenya, waligundua kwamba siku ambayo dereva ana hitaji la fedha, kama vile matibabu au karo, hufanya kazi zaidi, na huelekea kuacha pindi kiasi hicho kinapotimia. Si mwenendo wa mtu mwenye tamaa, ambaye angejichosha siku abiria ni wengi.

Mhudumu wa hoteli hukabiliwa na hesabu hiyo kwa kipimo cha mwaka: hukubali zamu mbili msimu wa wageni kwa kuwa anajua Aprili itamkuta nyumbani bila mshahara.

Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mwajiriwa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na amri ya jumla ya mishahara huweka juma la kazi la saa 52, saa za ziada zikilipwa mara moja na nusu. Lakini dereva asiye na mwajiri hana wa kumdai saa hizo. Mwili wake hauna ubaguzi huo. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria mwaka 2021 kwamba kazi ya saa 55 au zaidi kwa juma ilisababisha vifo 745,000 vya kiharusi na maradhi ya moyo katika mwaka 2016.

Wengi huona njia ya kutoka ni kununua pikipiki kwa mkopo. Hapo hesabu ya mwenye chombo hubadilika kuwa malipo ya mkopeshaji, na siku haifupiki mpaka mkopo uishe. Ukishaisha, dereva anaweza kurudi nyumbani mvua ikianza. Wapo wanaofanya hivyo. Wapo pia wanaonunua pikipiki ya pili, wakampa kijana wa mtaani aiendeshe, na kumpangia kiasi cha kuleta kila jioni.