Mafuta Yanayobeba Chanjo

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, wilaya za Nachingwea na Ruangwa

Walimu, tafadhalini hakikisheni kila mmoja ana daftari na kalamu. Juu ya meza, mbele ya darasa, pawe na chupa safi yenye kifuniko, maji, mafuta kidogo ya karanga au ya ufuta, na yai moja. Vitu hivyo tutavihitaji sasa hivi.

Somo la leo limetokana na swali la mama mmoja wa Ruangwa nilipotembelea darasa lao. Alisema hivi: "Nasikia ndani ya chanjo ya malaria mna mafuta yaliyotengenezwa na watu. Ni mafuta gani hayo, na kwa nini niyakubali yaingie katika mwili wa mwanangu?" Swali hilo ni jema. Mzazi anayeuliza si mkaidi, na mtu hapaswi kujibiwa kwa amri. Basi leo tutamjibu polepole, hatua kwa hatua.

JARIBIO LA CHUPA

Mwalimu, tia maji katika chupa hadi nusu. Ongeza vijiko viwili vya mafuta, funga, kisha mpe mwanafunzi mmoja atikise kwa nguvu. Sasa iweke chupa mezani, wote mtazame. Mnaona nini? Mafuta yanapanda juu, maji yanabaki chini. Maji na mafuta havipatani.

Sasa pasua yai, toa ute, na kile kiini cha manjano ukitie katika chupa. Tikiseni tena. Safari hii mchanganyiko unakuwa mweupe-manjano, mzito kidogo kama maziwa, wala mafuta hayakimbilii juu upesi. Kiini cha yai kimekuwa msuluhishi wa maji na mafuta.

Mfaransa mmoja, Theodore Gobley, alichunguza kiini cha yai katika miaka ya 1840 akakuta ndani yake mafuta ya namna ya pekee. Mafuta ya jamii hiyo siku hizi huitwa fosfolipidi. Mwalimu, andika neno hilo ubaoni, nanyi mlisome pamoja: fo-sfo-li-pi-di.

KICHWA KIMOJA, MIKIA MIWILI

Kila chembe ya fosfolipidi ina kichwa kimoja na mikia miwili. Kichwa hupenda maji. Mikia huyakimbia maji na kupenda mafuta. Ndiyo sababu iliweza kusuluhisha ugomvi ndani ya chupa yetu: kichwa kilishika maji, mikia ikashika mafuta.

Lakini je, fosfolipidi ikitiwa katika maji matupu hufanya nini? Hujipanga yenyewe katika safu mbili. Fikirini watu wawili waliolala mkekani miguu kwa miguu, vichwa vikiwa nje. Hivyo ndivyo ilivyo: mikia hukutana katikati, mbali na maji, na vichwa huelekea nje, penye maji. Safu hizo mbili hujikunja zikawa kifuko kidogo, chenye maji ndani na maji nje. Mwingereza Alec Bangham na wenzake waliviona vifuko hivyo kwa darubini yenye nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakifanya kazi karibu na mji wa Cambridge. Vifuko hivyo huitwa liposomu. Vilivyomo katika chanjo tutakayoieleza ni vidogo mno: ukivipanga mstari mmoja, vipatavyo 10,000 vitaenea katika milimita moja ya rula yako.

Tena mjue jambo hili, ambalo huwastaajabisha wengi. Kila chembe hai ya mwili wako, iwe ya damu, ya ini au ya ubongo, imezungukwa na ngozi nyembamba ya fosfolipidi za safu mbili. Kwa hiyo si kitu kigeni mwilini. Ulizaliwa nazo.

KWA NINI WATU WAZITENGENEZE?

Mtauliza, kama fosfolipidi zimo katika yai, kwa nini wataalamu wajisumbue kuzitengeneza? Sababu ni mbili.

Kwanza, mafuta ya yai ni mchanganyiko wa namna nyingi, na mchanganyiko huo hubadilika kwa kadiri ya chakula cha kuku. Mtu anayefanya jaribio hawezi kutumia kitu kimoja leo na kingine kesho, kisha akalinganisha majibu. Fundi hujenga kwa matofali ya kipimo kimoja.

Pili, baadhi ya mafuta ya yai huharibika upesi yakipata hewa. Ninyi mnaokaanga karanga mnajua jinsi mafuta ya zamani yanavyotoa harufu mbaya.

Basi wataalamu wa kemia huunganisha kichwa na mikia wanayoitaka, na kupata fosfolipidi ya namna moja tu. Mojawapo ya zile zinazotumika sana huitwa kwa herufi nne: DOPC. Mikia yake yote miwili ni ya asidi oleiki. Asidi hiyo mnaila kila siku: ndiyo iliyo nyingi zaidi katika mafuta ya korosho na ya karanga. Kwa sababu ya mikia hiyo, DOPC haigandi hata katika jokofu la chanjo. Linganisheni samli na mafuta ya karanga asubuhi ya baridi: samli imeganda, mafuta ya karanga yanamiminika. Tofauti yao ni mikia.

Lakini msije mkatoka darasani mkasema Bwana Elimu amefundisha kwamba karanga ni dawa ya malaria! Sikusema hivyo. Karanga ni chakula kizuri, basi.

Katika maabara, fosfolipidi hizi zilizotengenezwa zina kazi nyingi. Watafiti hutengeneza kwazo ngozi ya bandia ya chembe hai, wakaona kama dawa fulani inaweza kupenya. Hutengeneza vifuko vya kubebea dawa kali ili isimdhuru mgonjwa. Chanjo za korona za Pfizer na Moderna zilizoanza kutumika mwaka 2020 nazo zina fosfolipidi iliyotengenezwa, ya namna nyingine. Lakini sisi tutazame kazi moja inayotugusa zaidi watu wa kusini.

KAZI YAKE KATIKA CHANJO YA MALARIA

Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ina kipande kinachofanana na sehemu ya gamba la kijidudu kile ambacho mbu hukiingiza mwilini anapouma. Kipande hicho hakiwezi kuleta ugonjwa. Kazi yake ni kuwaonyesha askari wa mwili sura ya adui. Shida ni kwamba kipande hicho kikiwa peke yake, askari hawashtuki sana. Wanahitaji mpiga ngoma wa kuwaamsha.

Wapiga ngoma waliopatikana ni wawili. Mmoja hutoka katika gamba la bakteria, baada ya kuondolewa ukali wake. Wa pili hutoka katika maganda ya mti mmoja wa nchi ya Chile, maganda yanayotoa povu kama sabuni. Huyu wa pili huamsha sana, lakini ana hatari: akiwa peke yake hupasua chembe nyekundu za damu. Hapo ndipo vifuko vya DOPC vinapofanya kazi. Katika ngozi ya vifuko hivyo hutiwa kolesteroli, nayo humshika yule mkali, asiweze tena kupasua damu, ila aendelee kuamsha.

Kwa hiyo muuguzi anayeandaa chanjo hiyo ana chupa mbili ndogo. Moja ina unga, ambao ndio kipande cha kijidudu. Ya pili ina majimaji yenye vifuko. Huchanganya, kisha hudunga.

JE, IMEPIMWA?

Watu wa Nachingwea mna sababu ya kuuliza hivyo. Wazee wetu walisimulia Mpango wa Karanga. Mwaka 1947, baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, ikaanza kufyeka misitu ya Tanganyika kulima karanga. Matrekta yakaja Nachingwea, bandari ikajengwa Mtwara, na reli ikaletwa hadi hapa. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimepotea. Kosa moja kubwa lilikuwa hili: walikimbilia mashamba makubwa bila kupima kwanza kwa shamba dogo kama udongo na mvua vinafaa.

Kazi ya chanjo ilikwenda kinyume cha hapo. Kwanza vifuko vilipimwa katika maabara. Kisha watu wazima waliojitolea huko Marekani walichanjwa, halafu wakaumwa na mbu wenye malaria, daktari akiwa karibu. Kipande cha kijidudu kilikuwa kilekile. Kilichobadilishwa ni mchanganyiko uliokibeba. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba mchanganyiko wa matone ya mafuta uliwakinga karibu theluthi moja ya watu. Mchanganyiko wa vifuko vya fosfolipidi uliwakinga nusu. Ndipo vifuko vikachaguliwa.

Baadaye wakafuata watoto. Mwaka 2007 jaribio lilianza Korogwe, Tanzania, na Kilifi, Kenya, kwa watoto 894. Kutoka mwaka 2009 hadi 2014 likafanywa jaribio kubwa katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, kwa watoto zaidi ya 15,000. Vituo viwili vilikuwa kwetu: Korogwe na Bagamoyo. Mwaka 2019 chanjo ilianza kutolewa kwa watoto wa sehemu fulani za Malawi, Ghana na Kenya, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likashauri itumike.

Ninyi pia si wageni wa utafiti wa namna hii. Katika miaka ya 2000 watafiti wa Ifakara walifika Nachingwea, Ruangwa na wilaya za jirani, kuchunguza dawa ya kuwakinga watoto wachanga na malaria, iliyotolewa walipoletwa kuchanjwa.

Sasa tuseme ukweli wote. Chanjo hii haikingi kila homa. Watoto waliochanjwa mara nne, walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17, walipungukiwa na malaria kwa 36 katika kila 100 kwa muda wa miaka minne hivi. Andikeni hesabu hiyo. Kama watoto wasiochanjwa wangeugua malaria mara 100, wenzao waliochanjwa, idadi ileile, wangeugua kama mara 64. Toa 64 katika 100: zinabaki 36. Mama aliyewahi kukesha na mtoto mwenye degedege anajua uzito wa hizo 36. Lakini zile 64 nazo zatuambia kwamba chandarua kisitolewe kitandani, wala safari ya zahanati isicheleweshwe mtoto anapopata homa.

Basi, mama wa Ruangwa, jibu lako ni hili. Mafuta hayo ni ndugu wa yale yaliyo katika ngozi ya kila chembe ya mwili wa mwanao. Yametengenezwa na watu ili yawe ya namna moja siku zote. Kazi yake ni kumshika mkali asidhuru, na kuamsha askari wa mwili. Ukielezwa habari za chanjo kliniki, endelea kuuliza: ni dozi ngapi, kwa umri gani, na nitazame nini baada ya sindano. Muuguzi mwema atafurahi kukujibu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini kiini cha yai kiliweza kupatanisha maji na mafuta?
2. Tajeni sababu mbili za kutengeneza fosfolipidi badala ya kutumia za yai.
3. Kama wasiochanjwa wangeugua mara 200, waliochanjwa wangeugua mara ngapi?
4. Mpango wa Karanga na majaribio ya chanjo vinatofautiana vipi? Kijiji chenu kinaweza kujifunza nini hapo?

Maneno ya kuandika mara tatu: fosfolipidi, liposomu, maabara, jaribio.

Kwaherini, ndugu wanafunzi, hadi somo lijalo.