Seva ikigoma, usimfukuze mlinzi

Diski ya seva imejaa. Fundi anahamishia kanzidata kwenye diski mpya, anaiwasha MySQL, nayo inagoma: haina ruhusa. Anakagua umiliki wa mafaili, uko sawa. Kunakaribia kucha, na asubuhi wateja watajaa kaunta. Mwenzake anamshauri azime SELinux ili kazi iendelee. Anaizima, kanzidata inawaka, na hakuna anayekumbuka kuirudisha.

Mafundi wengi wa Linux wanalijua tukio hili. Lakini walizima nini hasa?

SELinux ilitolewa kwa umma na Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, NSA, Desemba 2000, na mwaka 2003 ikaingia katika kiini cha Linux. Kwa kawaida Linux humwachia mwenye faili aamue nani alisome. SELinux huongeza juu yake sheria za msimamizi, ambazo mwenye faili hawezi kuzipuuza. Kila programu na kila faili hupewa lebo. MySQL hutembea na lebo mysqld_t, na hifadhi yake, /var/lib/mysql, ina lebo mysqld_db_t. Pasipo sheria inayoruhusu, jibu ni hapana.

Faida yake huonekana mdukuzi anapopenya. Akiiteka MySQL, data iliyomo ataifikia, lakini hatazurura atakavyo kwenye seva nzima.

Basi kwa nini iligoma? Folda mpya haikuwa na lebo sahihi. Dawa ni amri mbili: semanage fcontext huandikisha lebo ya folda hiyo, na restorecon huibandika. Kabla ya hapo soma /var/log/audit/audit.log, maana mlinzi huandika alichokizuia. Kwenye Ubuntu mlinzi ni AppArmor. Yeye hutazama njia ya faili badala ya lebo, hivyo njia mpya iongezwe katika kanuni zake.

Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda data binafsi mwaka 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022. Kote huko, anayetunza taarifa za watu anawajibika kuzilinda.

Fundi, leo andika getenforce. Ikijibu Disabled, usikurupuke. Anza na hali ya kuonya bila kuzuia, mafaili yapewe lebo upya, soma maonyo, rekebisha, ndipo umrudishe mlinzi mlangoni.