Binti Yangu Ameitwa Kupokea Simu

Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa hapa Engaresero alinivuta kando, tukasimama chini ya mgunga. Mkononi alikuwa na simu ya binti yake, aliyemaliza kidato cha nne.

"Sista, nisomee hii," aliniambia. "Mtoto anasema ameitwa kazi ya kupokea simu. Nimeshamtoa mtamba mmoja wa kuuza. Lakini niambie kwanza, ni kazi gani hiyo ya kulipwa kwa kuongea?"

Nikasoma. Kazi ya huduma kwa wateja nchini Thailand. Mshahara wa dola, chumba na chakula bure, uzoefu hauhitajiki, mafunzo yatatolewa huko huko. Kinachotakiwa ni paspoti na shilingi 180,000 za "usajili", zitumwe kabla ya Ijumaa kwa namba ya mtu binafsi.

Nilimwomba yeyo yule asiuze kitu chochote mpaka tuonane tena. Mimi ni muuguzi, wala si mtaalamu wa mambo ya simu. Lakini mpwa wangu alifanya kazi hiyo Dar es Salaam kwa miaka mitatu, na swali la yule mama lilistahili jibu la kweli. Maana kazi yenyewe ipo, tena ni ya heshima. Ndiyo sababu matapeli wameiazima jina.

Jioni ile nilimpigia mpwa wangu. (Hapa kwetu mtandao hutegemea umesimama upande gani wa nyumba, kwa hiyo tulizungumza kwa vipande.) Alinieleza kwamba aliona tangazo, akapeleka barua na vyeti, akaitwa kwenye usaili. Walimfanyisha mtihani wa kuandika kwa kompyuta, wakampa karatasi asome kwa sauti, kisha mmoja wao akajifanya mteja aliyekasirika. Hakuna aliyemwomba hata senti. Waajiri wengi wa kazi hii hutaka stashahada au shahada, alisema, ingawa wapo wanaochukua wa kidato cha nne mwenye cheti cha kompyuta na Kiswahili kilichonyooka.

Baada ya hapo alikaa darasani wiki kadhaa. Alijifunza huduma zote za kampuni, namna ya kufungua taarifa za mteja kwenye kompyuta, namna ya kuandika malalamiko ili atakayeyasoma kesho ayaelewe. Kisha akawekwa kando ya mwenzake mzoefu, naye akivaa hedifoni, asikilize tu. Mwisho ndipo akapokea simu mwenyewe, msimamizi akiwa nyuma yake.

"Shangazi, simu ya kwanza nilisahau jina langu," aliniambia akicheka.

Nilimwuliza kilichokuwa kigumu zaidi ni nini. Nilidhani atasema matusi, kumbe ni kunyamaza. Mtu aliyekosea namba akatuma ada ya mtoto kwa mtu asiyemjua hataki kufundishwa, anataka kwanza asikilizwe. Walifundishwa wamwache amalize, wayarudie maneno yake kwa ufupi ili ajue amesikika, waombe radhi, ndipo waseme watakalofanya na litachukua muda gani. Wala wasiahidi wasichoweza. Tena wahakikishe wanazungumza na mwenye laini kabla ya kufungua taarifa zake, na kamwe wasimwulize mteja namba yake ya siri. Tangu kuwepo kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kuvujisha mambo ya mteja si utovu wa adabu tu, ni kosa kisheria.

Hayo yote nilifundishwa na mimi chuo cha uuguzi, ila kwa jina jingine.

Taabu zake nazo hazifichiki. Simu hurekodiwa na kupewa alama, na muda wa kila simu huhesabiwa. Zamu za usiku zipo, na msichana hana budi kuuliza mapema kama kuna usafiri wa kumrudisha nyumbani. Mpwa wangu alikuja likizo sauti imekauka na mgongo unauma. Alipokiri kwamba hubana mkojo ili asiache foleni ya simu, nilimkemea. Maji kidogo kidogo, dada, na kwenda haja ni haki yako.

Wapokea simu tunawahitaji hata huku chini ya Oldonyo Lengai. Kuna namba 115 ya mfumo wa m-mama, uliojaribiwa Sengerema na Shinyanga kabla ya kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022. Mama mjamzito akipata dharura, simu hupokewa na mtu aliyefunzwa, naye huuliza maswali kwa mpangilio, huamua apelekwe kituo gani, kisha huita gari la wagonjwa. Gari likikosekana, huita dereva wa kawaida aliyeandikishwa, ambaye hulipwa kwa simu. Mpokeaji yule haoni njia yetu ya mawe inayopanda kuelekea Wasso, wala vumbi la kwenda Mto wa Mbu. Anayo masikio tu. Akikosea swali moja, mama anavuja damu huku gari limeelekezwa kwingine. Ziko pia 116 ya kuwasaidia watoto na 199 ya Wizara ya Afya, zote bila malipo. Ziandike ukutani jikoni.

Binti alipokuja kwangu na mama yake, nilimkuta na hofu ambayo sikuitarajia. Alitaka kwenda mbali kwa sababu alidhani Dar es Salaam watamcheka kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kimaasai. Nilimwambia kwamba wako akina mama wengi wilayani Ngorongoro ambao uchungu ukiwashika, Kiswahili chote huwapotea. Ningefurahi siku moja nipige simu, apokee mtu anayejua Kimaa.

Kisha nikamweleza habari za Thailand bila kumung'unya. Mwaka 2022 serikali ya Kenya iliwaonya wananchi wake baada ya vijana walioahidiwa kazi kama hizo kuvushwa mpaka na kuingizwa Myanmar. Walinyang'anywa paspoti, wakafungiwa kwenye majengo yenye walinzi, wakalazimishwa kuwatapeli watu kwa mtandao usiku kucha. Februari 2025 kundi moja la watu 260 lilitolewa huko na kurudishwa Thailand. Zaidi ya nusu yao walikuwa Waethiopia, na Wakenya walikuwamo. Aliyedhani anakwenda kusikiliza shida za wateja ndiye aliyefanywa chambo.

Binti alinyamaza muda mrefu. Mama yake akauliza kwa Kimaa, binti akamtafsiria, na yule mama akashika kichwa.

Tuliupeleka ujumbe ule 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, kama tunavyofanya kwa ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mtamba bado yuko zizini. Wamekubaliana kwamba akiuzwa, itakuwa kwa ajili ya kozi ya kompyuta Arusha, na stakabadhi ya ada ataiona mama kwa macho yake.

Kwa sasa, Jumamosi jioni binti huja kwangu, tunatafuta ule upande wa nyumba wenye mtandao, na mpwa wangu humpigia akijifanya mteja. Juzi alijifanya mzee aliyepoteza laini, akagomba kweli kweli. Binti alimwacha amalize, akavuta pumzi, akasema, "Pole sana, baba. Nimekusikia. Naomba tuanze na jina lako kamili."

Mama yake, aliyekaa mlangoni na shanga zake, aliacha kutunga akaniuliza kama huyo mzee amepata laini yake.