Maji katika Milima Mikavu ya Oman

Wasomaji wetu wengi wana jamaa Oman. Watu wa Unguja walihamia huko kwa wingi baada ya mwaka 1964, na tena baada ya 1970, Sultani Qaboos aliposhika utawala. Na hata leo vijana wetu huenda kutafuta kazi. Siku za mapumziko wengi hupenda kupanda milima ya Hajar, iliyo nyuma ya mji wa Maskati. Twaona yafaa kueleza habari zake, kwa kuwa mgeni atokaye Kikwajuni huogopa kiu, wala hafikiri kuogopa maji.

Kisiwani Unguja hapana mahali pafikapo mita 150 kwenda juu. Lakini Jabal Shams, yaani Mlima wa Jua, una urefu wa mita 3,000 hivi. Tena milima hiyo ni mawe matupu. Kikwajuni, maji ya masika yakijaa njiani, kila mtu amekwisha kuiona mvua yake. Oman sivyo. Mvua hunyesha mbali juu ya majabali. Hapana udongo wala miti ya kuyazuia maji, basi huteremka yote pamoja katika bonde kavu, liitwalo wadi. Aliye chini huona jua kali, na mara maji humfikia pamoja na mawe na magogo. Mwezi wa Aprili 2024, katika mkoa wa Sharqiyah Kaskazini, mafuriko ya namna hiyo yalichukua gari lenye wanafunzi, na baadhi yao wakafa.

Lakini maji hayo hayo ndiyo uhai wa nchi. Mengine huingia katika nyufa za mawe yakakaa chini ya ardhi. Wazee wa zamani walichimba mifereji, kila mmoja huitwa falaj, iliyoinama kidogo tu ili maji yaende yenyewe hata mashambani pasipo pampu. Falaj ya Daris iliyoko Nizwa ni mojawapo ya tano zilizotiwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006. Kila mwenye shamba hupewa zamu yake, na zamani zamu zilipimwa kwa jua mchana na kwa nyota usiku. Kwa maji ya mifereji, Jabal Akhdar huzaa makomamanga na mawaridi, ambayo hufanywa marashi kama yale tunyunyiziwayo kwa mrashi siku za harusi na maulidi.

Basi aendaye huko na ashike haya. Kwanza, aulize habari za mvua kabla ya kutoka. Pili, asipige hema wala kuweka gari ndani ya wadi, hata pakiwa pakavu kabisa. Tatu, akiona maji yanabadilika rangi au akisikia ngurumo, apande kando upesi na kuuacha mzigo. Nne, asivuke mafuriko kwa gari. Sheria ya Oman huadhibu jambo hilo. Tano, achukue maji ya kunywa na nguo nzito, kwa maana usiku wa baridi huko juu maji huganda.

Twawaomba masheha na walimu wawasomee maneno haya vijana wanaojitayarisha kusafiri. Wadi iliyo kavu ni njia ya maji, hata kama leo hayapiti.